Mtoto Niliyemvalisha Suti

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa fundi wa rangi Nchelenge, na sikuwa fundi mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu, wengine wangali hai, wanaosema vingine. Kazi niliisomea Lubumbashi kwa mzee mmoja aliyechora simba na nguva kwenye magunia ya unga, nikavuka ziwa na brashi zangu tano baada ya kugombana naye juu ya mkia wa simba. Alisema ni mfupi. Mkia haukuwa mfupi.

Upande wa Zambia nilichora majina ya mashua na vibao vya maduka. Wenyeji walisema Kibemba chao, lakini kwenye biashara ya samaki kila mtu alikuwa na Kiswahili kidogo, hata kama ni cha kuulizia bei tu. Mimi Kibemba nilikielewa ila kilinigomea mdomoni. Mteja akizidi kunisumbua nilimpa brashi nikamwambia achore mwenyewe. Wengi waliirudisha. Mmoja alichora kweli, na mashua yake iliitwa vile alivyoiandika mpaka siku ilipozama.

Siku aliyokuja yule mama nilikuwa kwenye kibanda changu kando ya soko la samaki, namalizia kibao cha kinyozi. Alikuwa mchuuzi wa ng'ambo, Zaire, aliyevuka kila mwezi na sabuni na vitenge akarudi kwao na samaki wa kukaushwa. Nilimjua kwa sura tu. Nyuma yake walisimama kaka yake na mdogo wake wa kike, wote wamevaa nguo za kanisani, na ilikuwa Jumanne.

"Fundi," akasema, "unichoree mutoto yangu."

"Leta foto."

"Foto haiko."

"Basi umulete mutoto mwenyewe."

"Mutoto naye haiko," akasema. "Njo maana nakuja."

Habari yenyewe soko zima lilikuwa nayo, ila mimi sikuwa mtu wa kusikiliza ya soko. Miezi mitano nyuma, asubuhi ya kupakia, alimkalisha mwanawe wa miaka minne ndani ya mashua moja iliyokuwa imefungwa ufukweni, asije akakanyagwa na wabebaji, akarudi kuchukua kikapu cha mwisho. Alipofika tena na kikapu, mashua imeondoka. Mpiga kasia mmoja akamwambia kwamba ameona mtoto kwenye mashua iliyoelekea ng'ambo. Kwa hiyo alimtafuta ng'ambo, kituo kwa kituo, miezi mitano mizima, mpaka miguu ikavimba. Sasa alitaka uso wa mtoto utundikwe pale alipopotelea, ili kila anayekuja kununua samaki auone.

Nilimwambia mimi si Mungu, siwezi kuumba mtu ambaye sijamwona. Akasema hilo amelifikiria. Ndiyo maana alikuja na watu.

Masikio ya mtoto, alisema, ni ya mjomba wake. Akamgeuza kaka yake kando ili niyaone. Yalikuwa masikio makubwa yenye ncha iliyokunjika kwa juu, na mwenyewe alisimama kimya akiyaonyesha, mtu mzima na kofia mkononi. Macho yalikuwa ya yule mdogo wake. Paji la uso na mdomo ni vyake yeye mama. Tatizo lilikuwa pua, kwa sababu pua ilitoka kwa baba, na baba alikuwa kwenye migodi Kolwezi na hakuwa anajibu barua. Wakaingia sokoni kuitafuta. Baada ya muda wakarudi na muuza chumvi wasiyemjua hata kidogo, wamemshika mikono huku na huku, naye amefurahi sana. Alikaa kwangu mpaka saa sita akiinua pua juu, na kila aliyepita alimweleza kwamba anasaidia.

Nilichora siku nne. Kibao kilikuwa cha sanduku la chai, na rangi zilikuwa za mashua, kwa sababu zingine sikuwa nazo na hizo hazitoki kwa mvua. Kila jioni walikuja kukagua, na hapo ndipo hasira ziliponipanda. Shavu linene, shavu jembamba, kidevu kirudi nyuma. Siku ya pili niliwaelekezea brashi. Yule mama akaishika, akaitazama, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima, akasema, "Fundi, miye najua kuzaa tu." Nikaendelea.

Halafu tukafika kwenye nguo. Mtoto alipotea akiwa na kaptula iliyochanika na hana viatu. Hilo wote watatu walilijua, na hakuna hata mmoja aliyefikiria nilichore. Kwetu mtu akienda kupigwa picha anavaa. Asiyekuwa na koti anaazima la mpiga picha. Sembuse picha ya kutundikwa sokoni! Nilimvalisha suti ya buluu, kwa kuwa buluu ndiyo iliyokuwa nyingi, na tai nyekundu. Mjomba akaomba viatu. Nikatia viatu vyeusi, vinang'aa. Shangazi, maana hivyo ndivyo nilivyomwita yule mdogo mtu ingawa ni mama mdogo, akaomba saa ya mkononi. Nikatia saa. Mimi mwenyewe niliona imependeza, na ningemtukana mtu ambaye angesema vingine.

Jioni ya nne, wakati nimeshaosha brashi, yule mama mdogo akauliza kwa sauti ndogo, "Na kovu?"

Nikauliza kovu gani. Ikabidi waseme: mtoto alikuwa na kovu la moto, kutoka kwenye nyusi ya kushoto mpaka karibu na sikio. Aliungua siku mama yake alipomwacha karibu na jiko la kubanikia samaki akaenda mizanini.

"Hapana," mama akasema. "Batu wanasema nilitupa mutoto. Wananisema hapa, wananisema ngambo. Sasa munataka nitundike mu soko kama nilimuchoma na moto pia?"

Ningeweza kubisha, kila siku nilibisha mambo madogo kuliko hilo. Lakini paji lile lilikuwa limetoka laini, limeshika mwanga vizuri, na lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Sikutaka kulichafua. Nikasema kweli, mama, kovu halina haja. Ukweli wangu wa siku ile ndio huo, na sijivunii.

Juu ya kichwa cha mtoto niliandika: MUTOTO AMEPOTEA. MWENYE ANAMUONA ALETE HABARI KWA FUNDI WA RANGI. Tukakipigilia kibao kwenye nguzo ya soko, mahali ambapo mtu asingepita bila kukiona.

Watu walikipenda mno. Walisimama na vikapu kichwani wakisifu mikunjo ya suruali. Wengine waliuliza huyo ni mtoto wa mkubwa gani. Fundi cherehani mmoja aliniomba niandike jina la duka lake pale chini, nikamfukuza. Habari ya mtoto mwenyewe hakuna aliyeileta.

Kazi za namna hiyo zikaanza kuja. Mwaka ule na uliofuata nilichora watoto wengine wanne waliopotea, wote kwa mtindo ule ule wa kuazima pua kwa huyu na kidevu kwa yule, wote wamevaa. Msichana mmoja alipatikana kwa bibi yake rangi haijakauka, na wazazi wakataka nimgeuze awe mama yao mzazi, marehemu, ili kibao kisipotee bure. Nilikataa, halafu nikafanya.

Lakini wa kwanza alibaki nguzoni. Kila mwezi mama yake alipovuka, kabla hajashusha hata mche mmoja wa sabuni, alikuja moja kwa moja kwenye kibao. Alikipangusa kwa upindo wa kitenge chake, vumbi na magamba ya samaki, akianzia usoni na kumalizia viatuni. Halafu alikuja kibandani akasimama mlangoni.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Bon," alisema, yaani haya, akaenda kuuza.

Mwaka wa pili aliniambia mtoto amekua, niongeze. Nilimwambia picha haikui. Akasema ndiyo, haikui yenyewe, njo maana iko na fundi. Nikashusha suruali, nikarefusha shingo, nikavuta mikono kidogo ikabidi saa nayo niihamishe. Alisimama pembeni akinielekeza kwa kiganja urefu wa mtoto wa miaka sita. Na mimi, ambaye sikupenda kuingiliwa kazini, nilifuata kiganja hicho. Nilimhurumia hata nikaona vibaya kumtazama.

Katika kiangazi cha mwaka ule wenye mashua wa kisiwa cha Kilwa waliniita nikawaandikie majina. Kilwa hii ni ya ziwani, si ile ya pwani, na si mbali. Siku ya hewa safi unakiona ukiwa sokoni, ila hakuna njia ya kufika isipokuwa maji. Nilikwenda na makopo yangu. Siku ya tatu, nikiwa nimekaa chini naandika ubavuni mwa mashua, mtoto akapita mbele yangu akifukuza ndege kwenye vichanja vya samaki. Kaptula, miguu mitupu, tumbo limeshiba. Kutoka kwenye nyusi ya kushoto kovu lilipanda likaishia karibu na sikio.

Makovu ni mengi duniani. Nilijiambia hivyo na nikarudi kwenye herufi yangu. Halafu akageuka kando kumpigia ndege kelele, nikaliona sikio. Sikio lile nililichora mimi. Ncha yake iliyokunjika kwa juu ilinichukua asubuhi nzima kuipata, na mjomba wa watu amesimama kofia mkononi. Nikamwaga rangi.

Nilimfuata mpaka kwenye moshi ambapo mwanamke mmoja alikuwa anageuza samaki juu ya moto. Alikuwa mjane wa makamo, mtu wa hapo kisiwani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuuzia samaki, basi nilimwita mayo, yaani mama kwa Kibemba.

"Mayo, huyu mutoto ni yako?"

"Ni yangu."

"Tangu siku gani?"

Aligeuza samaki watatu kabla ya kujibu. "Tangu alishuka mu bwato," akasema. Bwato ni mashua. Wote pale waliiita hivyo. Mashua ilifika kutoka Nchelenge, wala haikwenda ng'ambo kama yule mpiga kasia alivyosema, abiria wakashuka, na mtoto akabaki katikati ya magunia amelala. Wapiga kasia walidhani ni wa mmoja wa abiria, abiria walidhani ni wa wapiga kasia. Yeye alikuwa amekuja ufukweni kununua chumvi. Alimchukua mpaka mwenyewe atokee, na mwenyewe hakutokea.

"Hukusikia kama kuna mutoto anatafutwa?"

"Nilisikia, tata," akasema, akiniita baba. Akaweka chini kijiti cha kugeuzia. "Nilikuja kuangalia foto yako. Pale Nchelenge, mu soko. Nilisimama nikaangalia sana. Nilitafuta kovu. Kovu haiko. Nikatafuta tena. Foto iko na viatu, iko na saa, na huku yake ni laini," akajipitisha kidole kwenye paji la uso. "Nikasema, hapana, ile ni mutoto ya batu ingine. Nilifurahi, tata. Sitakudanganya. Nilirudi hapa nikiimba."

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mwanamke huyu alifanya kila kitu ambacho mtu mwema angefanya. Alipanda mashua, akaenda, akatazama kwa makini kuliko wote waliosifu mikunjo ya suruali, na nilichomwonyesha kikamrudisha nyumbani kwa mtoto asiye wake. Alikuja mwezi wa tatu tu baada ya kibao kutundikwa. Mwaka mmoja na zaidi mama wa watu amepangusa viatu.

Nakiri kwamba nilifikiria kunyamaza. Mtoto alikuwa amenona, alikuwa msafi, na alimwita yule mwanamke mayo kwa sauti ya mtu anayejua ataitikiwa. Kiswahili chake chote kilikuwa kimeondoka. Nilimsalimu akanikodolea macho. Ningemaliza mashua zangu nikaenda zangu, na Nchelenge ningeendelea kujibu "bado".

Yule mwanamke ndiye aliyeuliza. "Mama yake anakuja?"

"Kila mwezi. Anapangusa foto."

"Na nini?"

"Na kitenge chake."

Alichukua kijiti chake akageuza samaki wote waliobaki, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa kichanja. Halafu akasema, "Umwambie akuje," na akaingia ndani asionekane tena siku ile.

Mama alipovuka tena nilimwambia. Hakupiga kelele wala hakuzimia; alifunga tena mzigo wa sabuni aliokuwa ameanza kuufungua na akauliza mashua ya Kilwa iko wapi. Mdogo wake alikuwa naye safari hiyo, nasi tukavuka watatu. Mtoto alipotuona alijificha nyuma ya yule mjane akashika nguo yake kwa mikono miwili. Mama yake akapiga magoti mchangani mbali kidogo, asimtishe, akamtazama tu. Ilipita saa nzima kabla hajakubali kuguswa, na alipokubali, mama yake aliweka kidole gumba kwenye kovu, akakipitisha toka mwanzo hadi mwisho. Akalia sana. Sote tulilia, na mimi sikuwa na sababu ya kuwa mbele kwenye kulia huko.

Alikaa kisiwani wiki mbili akibanika samaki pamoja na yule mwanamke, mpaka mtoto akazoea kula mkononi mwake. Siku ya kuondoka mtoto aligoma kuingia kwenye mashua asipoingia mayo wake, kwa hiyo wakaja wote Nchelenge. Niliwaona wakitoka ufukweni: mama amembeba mtoto aliyelala mgongoni, miguu inaning'inia mpaka magotini kwake, mdogo mtu nyuma yake, na mwisho mwanamke wa kisiwani na furushi dogo la nguo za mtoto kichwani.

Watu wakajaa. Mama akasimama mbele ya kibao. Akatazama suti, akageuza shingo kutazama ule uso uliolala begani kwake, akatazama tena kibao. Alifanya hivyo mara nyingi. Kisha akaniita.

"Fundi," akasema. "Kilwa ni pale tu. Batu ya Kilwa wanauzishaka samaki hapa kila siku ya Mungu. Juu ya nini hakuna mutu alimujua mutoto yangu?"

Alikuwa anauliza kweli. Hakuwa ananilaumu, na soko zima lilisogea kusikia jibu. Mdogo wake alitazama chini. Mwanamke wa kisiwani alishusha furushi akafungua mdomo, nami nikaona kwamba atasema yote, hatua kwa hatua, kwa ule ukweli wake, na kwamba mama huyu ataondoka hapo na mtoto mgongoni na neno "kovu" moyoni mpaka kufa kwake. Nikamwahi.

"Sikumuchora muzuri," nikasema.

Sentensi hiyo sikuwahi kuisema, wala kwa yule mzee wa Lubumbashi wala kwa mtu mwingine, na ilitoka kwa shida. Wapo waliocheka. Mama hakucheka. Alinitazama, na uso wake ukalegea taratibu, mwanzo machoni halafu mdomoni, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hata miye nilionaka," akasema kwa upole. "Tangu siku ya kwanza. Ila niliogopa utakasirika."

Watu wakaitikia kwamba ndiyo, nao waliona, tangu zamani. Kila mmoja alikuwa na kosa lake la kuonyesha. Yule mwanamke wa kisiwani alinitazama, akafunga mdomo, akainama kuokota furushi lake.

"Usijali, fundi," mama akasema, mbele ya soko zima. "Mutu anakosaka. Nimekusamehe."

Nikasema aksanti, mama.